Windows XP ya Mwaka 2006 Kuhamia Kompyuta Mpya: Uchambuzi wa Kisa cha Duka Moja la Tanga

Katikati ya Machi 2023, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani, niliitwa katika duka la vifaa vya ujenzi lililoko Ngamiani, Tanga. Kompyuta iliyotunza hesabu za duka hilo tangu mwaka 2006 ilikuwa imekataa kuwaka, na mwenye duka alikwisha kununua nyingine mpya. Alitaka jambo moja tu: kila kilichokuwa ndani ya ile ya zamani kionekane ndani ya hii mpya kama kilivyokuwa. Ombi hilo ni la haki, na karibu kila mteja mwenye shida ya namna hii huja nalo. Hata hivyo lilitupotezea siku za mwanzo, kwa kuwa lilitufanya tujiulize namna ya kuihamisha Windows nzima kabla ya kujiuliza ni kitu gani ndani ya Windows ile ambacho duka lisingeweza kufunguliwa bila yake.

Kompyuta ya zamani ilikuwa na kichakataji cha Pentium 4, kumbukumbu ya megabaiti 512, diski ya IDE (muunganisho wa kale wa diski) ya gigabaiti 80, na Windows XP Professional iliyofikishwa hadi kifurushi cha tatu cha marekebisho. Nilipofungua kasha niliona kapasita nne karibu na kichakataji zimevimba vichwa, na moja imevuja maji ya kahawia yaliyokauka juu ya ubao mama. Hewa ya pwani nayo ilikuwa imefanya kazi yake, kwani miguu ya nafasi za kumbukumbu ilikuwa na ukungu wa kijani. Ubao ule haukuwa wa kutengenezwa kwa matumaini. Kompyuta mpya ilikuwa na Core i5 ya kizazi cha 12, diski ya NVMe (aina mpya yenye kasi) ya gigabaiti 256 na Windows 11 Pro. Kati ya mashine hizo mbili ulikuwepo umbali wa miaka zaidi ya 15, na umbali huo ndio kiini cha kisa chote.

Mwenye duka ni mzee wa makamo ya kuheshimiwa, na hesabu huandikwa na binti yake. Nilipomwamkia alinijibu, "Marahaba mwanangu," kisha akaniambia bila kunizungusha: "Madeni ya watu yote yamo humo. Vitu vya dukani nitavihesabu upya kwa mikono yangu, lakini nani ananidai na nani namdai, hayo siyo ya kuhesabu kwa macho." Kauli hiyo ilikuwa na jibu la swali letu lote, ila sikuitilia maanani ipasavyo siku ile.

Kabla yangu alikuwa amekuja fundi mwingine. Alitoa diski ya zamani, akaiunganisha na kompyuta mpya kwa waya wa USB, akaichagua iwe ya kuwashia, na kompyuta mpya haikuiorodhesha kabisa. Kisha aliichomeka ndani ya kompyuta nyingine ya umri wa kati iliyokuwa nyumbani kwake. Huko ilianza kuwaka, ikaonyesha nembo ya Windows XP kwa sekunde chache, halafu ikatoa skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B na kujiwasha upya, mara kwa mara, hadi akakata tamaa. Simlaumu kwa kushindwa, kwa sababu matokeo yote mawili yalikuwa ya lazima. Ninachokilaumu ni kwamba alifanya majaribio hayo kwa diski halisi, iliyokuwa moja tu, bila nakala. Diski yenye dalili za kuchoka huongezewa mzigo kila inapojaribiwa kuwashwa, na Windows inayowaka nusunusu huandika juu ya diski hata pale usipoiagiza kuandika lolote.

Inafaa kueleza kwa nini matokeo yale yalikuwa ya lazima, maana watu wengi hudhani kwamba diski ni kama kitabu, kinachosomeka kwenye meza yoyote. Kizuizi cha kwanza ni namna kompyuta inavyoanza kuwaka. Windows XP ya biti 32 inategemea BIOS ya kale, programu ndogo ya ubao mama ambayo husoma sekta ya kwanza ya diski na kuikabidhi kazi. Kompyuta mpya hutumia UEFI, mrithi wa BIOS, ambayo hutafuta faili maalumu ndani ya sehemu maalumu ya diski iliyogawanywa kwa mpango wa GPT. Kwa miaka mingi watengenezaji waliweka ndani ya UEFI hali ya kuiga BIOS, lakini mwaka 2017 Intel ilitangaza nia ya kuiondoa hali hiyo kufikia 2020, na kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hazinayo. Ndiyo maana diski haikuorodheshwa: mashine mpya haikuona ndani yake kitu inachokitambua kuwa cha kuwashia.

Kizuizi cha pili ndicho kilichozaa skrini ya bluu. Wakati Windows XP inapoanza kuwaka, BIOS huisaidia kusoma diski katika hatua za mwanzo tu. Baada ya hapo kiini cha mfumo hushika usukani na kutumia draiva yake chenyewe ya kidhibiti cha diski, yaani programu ndogo ya kukiendesha kifaa hicho. Draiva inayopaswa kupakiwa mapema hivyo huandikwa ndani ya rejista ya Windows, hazina ya mipangilio yake, na rejista ile ilikuwa inaijua familia moja tu ya vidhibiti, ile iliyokuwa kwenye ubao mama wa 2006. Kompyuta ya umri wa kati ilikuwa na kidhibiti cha AHCI, aina mpya kuliko IDE, ambacho Windows XP haina draiva yake hata kwenye CD ya kusakinishia. Waliosakinisha XP enzi zile watakumbuka kubonyeza kitufe cha F6 na kuingiza disketi. Kwa hiyo Windows ilifika mahali pa kusoma diski yake yenyewe ikakuta haina njia ya kuifikia. Namba 0x0000007B inasema hivyo hivyo: diski ya kuwashia haifikiki. Haimaanishi kwamba diski imeharibika, na haimaanishi kwamba mafaili yamepotea, ingawa wengi wakiiona hukimbilia kufomati.

Kipo pia kizuizi cha tatu, nacho ni tabaka linaloitwa HAL, ambalo hukaa kati ya kiini cha Windows na ubao mama. Katika XP aina ya HAL huchaguliwa siku ya kusakinisha na kubaki hivyo. Tangu Windows Vista jambo hili huamuliwa kila mashine inapowaka, na hilo ni sababu mojawapo inayofanya matoleo ya baadaye yahame kwa urahisi zaidi.

Nikiwa nayajua hayo, nilimweleza mzee njia zilizokuwepo. Ya kwanza ilikuwa kutafuta ubao mama mkuukuu wa aina ileile, wenye chipu za Intel 865, na kuuvalisha diski ileile. Njia hii hudharauliwa na mafundi wengi, nami sikubaliani nao, kwa sababu mtu ambaye duka lake limefungwa na ambaye ubao huo upo mtaa wa pili anaweza kufungua mlango jioni ileile. Udhaifu wake ni kwamba ubao huo nao una kapasita za umri uleule. Njia ya pili ilikuwa kuifanya Windows ile iishi ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, juu ya Windows 11. Ya tatu ilikuwa kuitoa programu ya duka peke yake na kuipandikiza kwenye Windows 11. Mzee alipendelea ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyofanana zaidi na ombi lake, na mimi nilimuunga mkono.

Kazi ilianza kwa kunakili diski, na hapa sikukubali haraka yoyote. Niliiunganisha diski ya IDE kwa kiunganishi cha USB kwenye kompyuta yangu inayotumia Linux, ambayo niliizuia isifungue diski yoyote yenyewe, nikasoma taarifa za afya ambazo diski hujiandikia. Sekta zilizokwisha kubadilishwa zilikuwa chache, lakini zilizokuwa zinasubiri uamuzi, yaani zile ambazo diski ilishindwa kuzisoma na bado haijazitupa, zilikuwa kadhaa. Hali hiyo inatosha kukataza programu za kawaida za kunakili, ambazo zikifika mahali pabovu hukwama zikirudia sekta ileile huku kichwa cha diski kikiumia. Nilitumia ddrescue, ambayo huvuna kwanza sehemu zote zinazosomeka bila taabu, huandika ramani ya mahali iliporuka, na ndipo hurudi mahali palipobaki. Pitio la kwanza niliiagiza isihangaike na mabovu kabisa. La pili nikairuhusu ijaribu kila sekta mbovu mara tatu. Jumla ilichukua zaidi ya saa nne. Mwishoni sekta 14 ndizo zilizokataa, ambazo kwa baiti 512 kila moja ni kilobaiti 7 katika gigabaiti 80.

Kilobaiti 7 ni kidogo mno, lakini uchache huo haukunituliza, kwani kilobaiti 7 katikati ya jedwali la wadaiwa ni majina na fedha za watu. Nilichukua namba za sekta zile kutoka kwenye ramani, nikazipitisha kwenye programu ya ntfscluster, ambayo hutaja faili lililokalia sekta fulani ya diski. Nyingi ziliangukia mahali pasipo na faili lolote. Mbili ziliangukia faili la muziki. Tatu ziliangukia faili la faharasa la jedwali la mauzo, lenye kiambishi cha CDX. Hapo nilishusha pumzi, kwa sababu faharasa ni orodha tu ya kuharakisha utafutaji na huweza kujengwa upya kutoka kwenye jedwali lenyewe, nalo jedwali lilikuwa zima. Kuanzia saa hiyo diski halisi iliingia kwenye bahasha, ikaandikwa tarehe, na haikuchomekwa tena mahali popote. Kazi zote zilizofuata zilifanyika kwa nakala za ile picha ya diski, na picha yenyewe ikahifadhiwa kwenye diski mbili tofauti.

Picha ile niliigeuza kuwa diski pepe ya VirtualBox, programu ya kuunda kompyuta pepe, na kuiwasha, na skrini ya bluu yenye namba ileile ikarudi. VirtualBox huigiza kidhibiti cha IDE cha aina ya PIIX4, ambacho ni cha Intel na ni cha kale vya kutosha, lakini namba ya utambulisho wake haikuwemo katika orodha ya vidhibiti ambavyo rejista ya Windows ile ilikuwa inavijua. Tiba yake inajulikana: kuongeza namba hiyo katika sehemu ya rejista iitwayo CriticalDeviceDatabase na kuielekeza kwenye draiva ya intelide, ambayo kwa bahati njema ilikuwa tayari ndani ya mfumo. Kwa kuwa Windows yenyewe haikuwaka, ilibidi faili la rejista lifunguliwe kutoka nje, nalo huitwa SYSTEM na hukaa ndani ya folda ya config.

Nilifanya hivyo, na mara ya kwanza haikusaidia. Nilikuwa nimehariri ControlSet001 kwa mazoea. Windows hutunza seti zaidi ya moja za mipangilio hii, na sehemu iitwayo Select ndiyo husema ipi inatumika. Katika mashine hii, ambayo umeme ulikuwa umeikatikia mara nyingi kwa miaka 17, seti iliyotumika ilikuwa ya tatu. Niliporekebisha seti ya tatu, na kuiwashia kompyuta pepe kipengele cha I/O APIC ambacho HAL ya mfumo ule ilikihitaji, Windows XP iliwaka hadi mwisho. Sauti ya kufunguka kwake iliposikika dukani, binti wa mzee alisimama kutoka kwenye kiti. Picha ya mezani ilikuwa ileile ya mashua ya ngalawa, na ikoni zilikuwa mahali pake.

Furaha ile ilifuatwa na ujumbe uliosema kwamba maunzi yamebadilika mno tangu Windows ilipowezeshwa, na kwamba zimebaki siku tatu za kuiwezesha tena. Windows XP hujikumbusha tabia kumi za mashine iliyosakinishwa juu yake, zikiwemo kichakataji, diski, kadi ya picha na namba ya kadi ya mtandao, na zinapobadilika nyingi kwa pamoja huamini kwamba imehamishiwa kwenye mashine nyingine. Katika kisa hiki iliamini kweli. Leseni iliyobandikwa ubavuni mwa kasha la zamani ilikuwa ya aina inayouzwa pamoja na kompyuta, na haki ya leseni ya namna hiyo hubaki na kompyuta ile iliyouzwa nayo. Zipo njia za vichochoroni za kunyamazisha ujumbe ule, na mzee aliuliza kuhusu hizo kwa nia njema kabisa. Nilimwambia kwamba sitazitumia, kwanza kwa sababu si haki yetu, na pili kwa sababu programu za kuvunja leseni zinazosambazwa kwenye flashi ni mlango mkubwa wa virusi, na daftari la madeni ni mahali pabaya pa kuweka mlango kama huo. Isitoshe, Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Mei 2017, virusi vya WannaCry viliposambaa duniani kwa kupitia udhaifu wa kushirikiana mafaili, ilibidi kampuni hiyo itoe rekebisho la dharura kwa mfumo iliokuwa imekwisha kuuacha. Kompyuta pepe yetu niliikatia mtandao tangu sekunde ya kwanza.

Hivyo njia ya pili, ambayo wote tuliipenda, haikuwa makao. Ilikuwa dirisha la siku tatu. Ndipo maneno ya mzee ya siku ya kwanza yaliponirudia: hakuihitaji Windows XP, alihitaji madeni. Tukakubaliana kwamba siku tatu zile zitumike kuichungulia programu ya duka ikiwa hai, kujua inagusa nini, inaomba nini, na inatoa majibu gani, ili ikipandikizwa kwingine tuwe na cha kulinganisha.

Programu yenyewe iliandikwa na kijana mmoja ambaye alikwisha kuhama nchi, na CD ya kuisakinishia haikuonekana. Ndani ya folda yake, iliyokuwa katika Program Files, nilikuta faili liitwalo vfp9r.dll, nalo lilinieleza ukoo wake: ni kazi ya Visual FoxPro 9, lugha ya programu ambayo Microsoft iliitoa toleo lake la mwisho mwishoni mwa 2004 na kuacha kuihudumia Januari 2015. Hii ilikuwa habari njema kuliko inavyosikika. Programu za Visual FoxPro ni za biti 32, na Windows 11 bado huendesha programu za biti 32 bila taabu. Majedwali yake ni mafaili ya kawaida ya DBF yasiyohitaji seva wala huduma yoyote ya nyuma. Kwa maneno mengine, kitu tulichokuwa tunahangaika kukibeba pamoja na nyumba yake kingeweza kutoka nje kwa miguu yake.

Niliendesha Process Monitor ndani ya kompyuta pepe huku binti akifanya kazi za siku ya kawaida: kuandika mauzo, kupokea malipo, kutoa ankara, kutazama salio la mteja, kuchapisha orodha ya wadaiwa. Process Monitor huandika kila faili na kila ufunguo wa rejista ambao programu imeugusa. Orodha ilipochujwa ilibaki fupi. Nje ya folda ya programu yalikuwepo mafaili mengine ya msingi ya Visual FoxPro, faili la msvcr71.dll, gdiplus.dll, na kijenzi kimoja cha skrini kiitwacho MSCOMCTL.OCX kilichokuwa kimesajiliwa katika rejista. Siku ya tatu, kabla ya mlango kufungwa, tulichapisha kwenye faili orodha yote ya wadaiwa, jumla ya madeni, idadi ya wateja na thamani ya vifaa vilivyoko ghalani. Karatasi hizo zilikuwa ushahidi wetu.

Upandikizaji ulichukua muda mfupi. Folda ilinakiliwa, mafaili ya msingi yakawekwa pamoja na programu, na MSCOMCTL.OCX ikawekwa na kusajiliwa ndani ya SysWOW64, ambako, kinyume na jina lake, ndiko vitu vya biti 32 hukaa katika Windows ya biti 64. Faharasa zilijengwa upya. Programu ilifunguka, jumla zikalingana na karatasi hadi shilingi ya mwisho, na mzee akafungua duka.

Siku ya pili jioni alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Mteja mmoja alilipa deni lake asubuhi mbele yake, binti akaliandika, na sasa yeye mzee akifungua programu anaona mteja yule bado anadaiwa. Binti akifungua, deni limelipwa. Kila mmoja alikuwa na akaunti yake ya Windows kwenye kompyuta mpya, na kila mmoja alikuwa anaona daftari tofauti. Jambo hili ni la hatari kuliko skrini ya bluu, kwa kuwa skrini ya bluu hukusimamisha, ilhali hili hukuacha uendelee kuandika.

Kosa lilikuwa langu. Kwa kutaka kila kitu kibaki mahali pake pa zamani, niliiweka programu ndani ya Program Files. Enzi za XP karibu kila mtu alitumia akaunti yenye mamlaka yote, kwa hiyo programu ziliandika humo zipendavyo. Tangu Vista, programu ya kale ya biti 32 inapotaka kuandika humo bila mamlaka, Windows haiikatalii, bali humhamishia mtumiaji huyo nakala ya faili kwenye folda yake binafsi iitwayo VirtualStore, na tangu hapo programu humsomea mtumiaji huyo nakala yake. Mpango huo uliwekwa ili programu za zamani zisivunjike, na kwa programu nyingi unafaa. Kwa daftari linaloshirikiwa na watu wawili, unazaa madaftari mawili kimyakimya. Usiku ule nilikaa na binti, tukalinganisha nakala mbili za kila jedwali, tukakuta kwamba mzee hakuwa ameandika chochote, alikuwa amesoma tu, kwa hiyo nakala ya binti ndiyo iliyobeba ukweli wote. Tungechelewa wiki moja, tungelazimika kuunganisha maandishi ya watu wawili kwa mkono. Programu ilihamishiwa C:\Duka, ambako wote wawili wanaruhusiwa kuandika, na folda za VirtualStore zikafutwa baada ya kunakiliwa.

Tarehe nazo zilitaka uangalifu. Kompyuta mpya ilipangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia siku, na programu ile hufuata mpangilio wa Windows. Ankara ya tarehe 3 mwezi wa Aprili ilionekana kuwa ya Machi 4. Ndani ya faili la DBF tarehe huandikwa kwa mwaka, mwezi na siku bila utata, kwa hiyo zilizokwisha kuandikwa zamani hazikudhurika; zilizoingizwa kwa mkono katika siku zile mbili zilikaguliwa moja moja na kusahihishwa.

Kuhusu printa, duka linatumia Epson LX-300 ya pini, kwa sababu ankara zake ni karatasi za nakala tatu zinazohitaji kugongwa. Kompyuta mpya haina tundu la LPT, tundu la printa la zamani, na waya wa kugeuza USB kuwa tundu hilo hauleti LPT1 ambayo programu inaijua, bali tundu la jina jingine. Niliisakinisha printa kwenye tundu hilo la USB kama printa ya maandishi matupu, nikaishirikisha kwa jina la lx300, kisha nikaielekeza LPT1 kwake kwa amri ya net use lpt1 \\localhost\lx300 /persistent:yes. Ankara zikatoka kwa ukelele uleule uliozoeleka mtaani.

Wanaouliza kama haya yote yangehitajika kwa Windows 7 au Windows 10, jibu langu ni kwamba matatizo hupungua lakini hayabadiliki sura. Windows 7 nayo hutoa 0x0000007B ikiwa draiva ya msahci haikuruhusiwa kupakiwa mapema, haina draiva ya USB 3 ya kuzaliwa nayo, na huhitaji marekebisho ya ziada ili kuitambua diski ya NVMe. Windows 10 mara nyingi huwaka yenyewe juu ya ubao mpya, ikatafuta draiva zake, na ina chombo cha mbr2gpt, tangu toleo la 1703, cha kugeuza diski ya mpango wa kale iwe ya UEFI bila kuifuta. Leseni hubaki kuwa swali katika matoleo yote.

Kwa wiki mbili binti aliandika kila malipo mara mbili, kwenye programu na kwenye daftari la karatasi, na kila jioni tulilinganisha. Baada ya hapo niliihesabu kazi kuwa imekwisha.

Tarehe 31 Desemba, saa mbili asubuhi, simu ililia. Programu ina amri ya kufunga mwaka, inayohamisha mauzo ya mwaka uliopita na kuanzisha hesabu mpya, na ilipobonyezwa ililalamika kwamba haikuliona faili liitwalo foxtools.fll. Amri hiyo hubonyezwa mara moja kwa mwaka. Mwezi Machi hatukuibonyeza, kwa hiyo Process Monitor haikupata cha kuandika, na faili lile halikuingia kwenye orodha yetu. Nilimwomba binti asibonyeze kitu kingine, anakili folda yote ya C:\Duka kwenye flashi, na anisubiri. Nilifungua ile picha ya diski ya zamani, nikatafuta, na faili lilikuwa ndani ya System32, mahali ambapo mwandishi wa programu alikuwa ameliweka mwaka 2006. Nililipeleka dukani, tukajaribu kwanza kwa nakala iliyokuwa kwenye flashi, tukakagua salio za wateja watano tuliowachagua bila mpangilio, kisha tukafunga mwaka kwenye folda yenyewe. Kabla ya adhuhuri orodha ya wadaiwa wa mwaka mpya ilikuwa inatoka kwenye printa, na mzee alikuwa amevaa miwani, akiisoma jina kwa jina kwa kalamu mkononi.